Kabati Limegoma: Tafuta Maji Kabla ya Kushika Randa

Mwezi Machi, miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja wa Uyole aliniita kwa ajili ya kabati lake la vyombo. Mlango wa kulia ulikuwa haufungi. Ukiusukuma unagota kwenye mwenzake, ukiulazimisha unalia. Nilikuwa ndio kwanza nimeanza kujitegemea kazi ya useremala, mkono bado unawasha. Nikautoa mlango, nikaupiga randa ukingoni mara nne, nikaurudisha. Ukafunga vizuri kabisa. Mama akafurahi, akaniwekea na chai.

Mwezi Agosti akaniita tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hebu njoo uuone mlango wako."

Kati ya milango miwili palikuwa na nafasi ya kupitisha kidole cha mwisho, na vumbi la kiangazi lilikuwa limelala juu ya vikombe vyake vya wageni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mbao ukishaikata, inarudi?" Hairudi. Nilimtengenezea mlango mwingine kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo sigusi kabati la mtu kabla sijajua maji yanatoka wapi. Mbao hunywa unyevu wa hewa ikavimba, hewa ikikauka nayo husinyaa, na haiachi tabia hiyo hata ikiwa na miaka hamsini. Huku nyanda za juu kusini, ambako mvua zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kisha baridi kavu na upepo vinashika, kabati moja linaishi maisha mawili kila mwaka. Matatizo mengi ninayoitiwa yanaanzia hapo.

Kwanza lijue kabati lako

Makabati mengi ya huku ni ya paini, ile mbao nyeupe yenye vifundo inayotoka Sao Hill na mashamba ya watu binafsi ya Mufindi, Njombe na Makete. Mengine ni ya saiprasi au mlingoti, yaani mkaratusi. Aliyejipanga ana mninga, mkongo au mtiki. Makabati ya jikoni ya siku hizi mara nyingi ni ya mbao za kiwandani: MDF, yaani nyuzi za mbao zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi, au zile za chembechembe zilizogandishwa kwa gundi na kuvalishwa karatasi ya plastiki. Kila moja ina ugonjwa wake.

Jambo la pili ni kujua limepakwa nini na kama kilichopakwa bado kipo. Dondosha tone la maji sehemu isiyoonekana, kwa mfano upande wa ndani wa mlango, usubiri dakika tano. Tone likikaa duara kama lilivyo juu ya jani la gimbi, vanishi ni nzima. Likitandaa na kuacha doa jeusijeusi, mbao iko uchi, na kila kitambaa kibichi unachopitisha hapo unaimwagilia.

Halafu chukua pamba yenye spiriti kidogo, igandamize mahali pale pale pa kujificha. Rangi ikilainika na kubaki kwenye pamba, hiyo ni shelaki, polishi ya mafundi wa zamani. Spiriti usiisogeze tena kwenye kabati hilo. Isipolainika, jaribu tone la tina, ile ya kuzimulia rangi. Ikiyeyuka laini, ni laka, aina ya vanishi inayokauka haraka. Ikikunjamana au isipofanya kitu, ni vanishi ya mafuta au ya poliyurethani. Nimeona watu wakiruka jaribio hili, wakapaka laka juu ya vanishi ya mafuta, kabati zima likakunjamana kama maziwa yaliyoganda utando. Dakika kumi za kupima zingewaokoa.

Mlango haufungi, droo haitoki

Uliza kwanza: limeanza lini? Kama linabana kuanzia Desemba na kulegea lenyewe ifikapo Julai, mbao inavimba. Kama linabana mwaka mzima, mbao haina kosa, angalia bawaba na sakafu.

Kisha tafuta linapogusa. Paka chaki ukingo wote wa mlango, funga taratibu, fungua. Chaki ikifutika upande mzima kwa urefu, mlango umevimba. Ikifutika kona ya chini tu, ile iliyo mbali na bawaba, mlango umeshuka, na karibu kila mara bawaba ya juu imelegea. Kama milango yote miwili inaegemea upande mmoja na bawaba zote zimekaza, kabati limesimama kwenye sakafu isiyo sawa. Weka gololi juu ya rafu uone inakokimbilia, kisha ingiza kipande cha mbao au cha kigae chini ya mguu wa upande huo mpaka gololi itulie. Kazi hiyo huna haja ya kumlipa fundi.

Bawaba iliyolegea kwa sababu tundu la skrubu limepanuka usiitibu kwa skrubu nene zaidi, hasa kwenye paini, utaipasua mbao. Toa skrubu. Chukua njiti za kiberiti, kata vichwa, zichovye kwenye gundi nyeupe ya mbao, zishindilie tunduni mpaka zijae, kata zinazochomoza. Acha usiku mzima. Asubuhi rudisha skrubu ile ile, itauma kama mpya.

Sasa mlango uliovimba. Kabla ya randa, pitisha kidole ukingo wa chini wa mlango, pale macho hayafiki, halafu ukingo wa juu. Ukihisi mikwaruzo mikavu kama ulimi wa ng'ombe, hapo hapajawahi kupakwa vanishi. Fundi alipaka panapoonekana, akaacha vichwa vya mbao wazi. Vichwa vya mbao, yaani pale nyuzi zinapokatikia, hunywa maji haraka kuliko uso wa ubao, kwa sababu ndiyo mirija ile ile mti ulikuwa ukinyonyea. Ukingo huo ukiwa juu ya sakafu inayopigwa deki kila asubuhi, mlango utavimba tu.

Dawa yake inahitaji subira. Wakati wa mvua sugua mshumaa ukingoni panapogusa ili mlango uteleze, basi. Ukifika Julai au Agosti, mbao ikiwa imesinyaa, utoe mlango, piga msasa laini kingo zote nne, paka vanishi mikono miwili au mitatu, yaani mara mbili au tatu, juu na chini pasisahaulike. Kama hata kiangazi bado unagusa, hapo piga randa, kidogo kidogo, ukiacha nafasi ya unene wa sarafu kati ya mlango na mlango. Nafasi hiyo ni ya Machi.

Kuna mlango unaojikunja kama ganda la ndizi kavu. Ukiufungua utakuta mara nyingi umepakwa vanishi nje peke yake, ndani mbao tupu. Upande mmoja unakunywa, mwingine hauwezi, kwa hiyo unavutana. Paka ndani idadi ile ile ya mikono iliyopakwa nje. Ukiwahi, mlango hunyooka kiasi. Ukichelewa, bawaba ya tatu katikati itausaidia kukaa.

Na kama kabati ni jipya la paini na limeanza kupinda na kuachia maungio ndani ya mwaka wa kwanza, lilitengenezwa kwa mbao mbichi. Hili linaniumiza kuliko yote, kwa sababu mteja ndiye anayelipia haraka ya fundi. Ubao wa paini wa upana wa sentimita 20 uliopasuliwa mbichi unaweza kupungua milimita 8 hivi ukikauka hadi asilimia 12 ya unyevu, kiasi kinachofaa samani ya ndani. Hakuna gundi inayozuia hilo. Unapoagiza kabati, omba kipande cha mbao atakayotumia, kipime kwenye mizani ya dukani, kiweke juu ya kabati nyumbani mahali pakavu wiki moja, kipime tena. Uzito ukiwa umepungua wazi, mbao haijakauka, mwambie asubiri. Fundi mzuri hatakasirika.

Droo zinazobana, zitoe kwanza na uzipunguzie mzigo. Angalia kama kitako kimeshuka katikati kikawa kinakwaruza reli. Kama ni za mbao kwa mbao, sugua mshumaa au nta ya nyuki kwenye njia zake. Mafuta ya kupikia usitumie, baada ya mwezi yanakuwa gundi yenye vumbi.

Harufu ya uvundo na madoa ya kijivu

Hili ni la Tukuyu zaidi ya Mbeya mjini, na la Njombe zaidi ya Iringa, ingawa nyumba yoyote yenye ukuta unaonyeshewa inaweza kulipata. Unafungua kabati la nguo, pua inakuambia kabla ya macho. Kola ya koti ina unga wa kijani. Mgongo wa kabati, ukiugusa, ni wa baridi na una utelezi kidogo.

Hiyo ni kuvu. Huota hewa ya ndani ya kabati inapokaa na unyevu mwingi siku nyingi mfululizo bila kutembea, na chakula chake ni vumbi, jasho la nguo na mbao yenyewe. Vidonge vyeupe vya nondo haviigusi kuvu, vinaongeza harufu ya pili juu ya ya kwanza, na mtoto akivimeza ni hatari.

Usianze kusafisha. Vuta kabati kutoka ukutani uangalie nyuma. Ukuta ukiwa na maji kuanzia chini hadi usawa wa goti, na plasta inachomoza chumvi nyeupe, unyevu unapanda kutoka ardhini. Ukiwa na mchirizi kutoka juu, bati linavuja. Ukiwa umelowa wote sawasawa kama kioo cha gari asubuhi, ni pumzi zenu wenyewe: ukuta wa nje umepoa usiku, hewa ya chumbani yenye joto ikaugusa ikageuka maji. Hili la tatu ndilo la kawaida kuliko yote huku kwetu, maana kwa baridi ya usiku tunafunga madirisha yote na kabati tumelibandika kabisa kwenye ukuta wa nje.

Hapa niseme jambo ambalo halihusu kabati. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili kufukuza baridi na unyevu. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wamelala wasiamke. Afadhali kabati lioze.

Kwa kabati, lihamishie ukuta wa ndani, ule unaotenganisha vyumba. Usipoweza, liache mbali na ukuta sentimita tano hadi kumi, na miguu yake iinuliwe juu ya vipande vya vigae. Sanduku na mabegi yaliyoshindiliwa nyuma na juu yake yatoke, yanaziba njia ya hewa. Mafundi wengi huku hutoboa matundu machache juu na chini ya mgongo wa plaiwudi. Ni kazi ya dakika kumi na inasaidia sana. Fungua milango ya kabati na dirisha kila siku mchana ukiwa mkavu, hata saa moja.

Ndipo usafishe. Toa kila kitu nje, funga pua na mdomo kwa barakoa au kitambaa, futa kuvu kwa kitambaa chenye unyevu ili unga wake usipeperuke. Usikung'ute kwa ufagio. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, futa, acha robo saa, futa tena kwa kitambaa kikavu. Ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe usiipake kwenye mbao. Inachubua rangi, maji yake yanaingia ndani na kuilisha kuvu iliyobaki, na ukiichanganya na siki inatoa hewa ya sumu. Ukimaliza acha kabati wazi mahali penye upepo na kivuli siku mbili au tatu. Jua kali la moja kwa moja hupasua mbao iliyolowa na kubandua vanishi. Jua la milimani linachoma hata unapovaa sweta.

Mkaa mkavu kwenye sahani chini ya nguo hunyonya harufu na unyevu kidogo. Uanike juani kila wiki, la sivyo unakuwa kokoto tu. Na nguo ya pasi iache ipoe na kukauka kabisa kabla ya kuiingiza. Mashuka yaliyonyauka nje bila kukauka ndiyo yanayoanzisha kesi nyingi.

Kabati la jikoni linanata

Pitisha ukucha juu ya mlango ulio karibu na jiko. Ukucha ukitoka na nta ya kahawia, hiyo ni mafuta ya kukaangia yaliyopaa na mvuke, yakashika masizi na vumbi. Ukucha ukitoka na vanishi yenyewe, laini kama uji mzito, mafuta na jasho la mikono vimeshaila vanishi, na hakuna kusafisha kutakakoirudisha hapo. Hali hii ya pili hutokea hasa kuzunguka vishikio.

Kwa ile ya kwanza: maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, kitambaa cha pamba kilichokamuliwa mpaka hakidondoshi. Futa kwenda na nyuzi za mbao. Kitambaa cha pili cha maji matupu, kilichokamuliwa vile vile, kitoe sabuni. Cha tatu kikavu, papo hapo. Vitambaa vitatu, na cha tatu ndicho watu wanachokiruka. Mafuta yaliyokomaa, weka kitambaa chenye sabuni juu yake dakika mbili yalainike, kisha futa. Mapambo na kona zisuguliwe kwa mswaki wa zamani. Magadi, sabuni ya unga, stili waya na dodoki gumu viache kwenye sufuria. Vinakwangua vanishi, na siku hiyo unaona kabati limeng'aa, mwezi ujao linashika uchafu mara mbili kwa sababu limejaa mikwaruzo.

Ile ya pili, subiri kiangazi, kwangua vanishi iliyolainika, safisha mafuta yote, piga msasa, paka upya. Ukipaka juu ya mafuta itabanduka kama ngozi ya nyoka.

Kabati lililo juu ya jiko lenyewe litateseka daima. Kama mpango wa jiko unaruhusu, sogeza jiko, usisogeze kabati.

Alama nyeupe, alama nyeusi

Duara jeupe la kikombe cha chai maana yake unyevu umenaswa ndani ya vanishi, mbao haijaguswa. Mara nyingi linaisha lenyewe kwa siku kadhaa. Likikaidi, weka kitambaa kikavu cha pamba juu yake, pitisha pasi ya joto dogo kabisa sekunde chache, inua, angalia, rudia. Usiache pasi ikae.

Duara jeusi ni habari nyingine: maji yamepita vanishi yakaingia kwenye mbao. Penye msumari au kopo la chuma lililolowa, kutu ya chuma imekutana na maji ya rangi yaliyomo kwenye mbao, kwa mfano mlingoti, ikatengeneza wino. Huo haufutiki kwa sabuni. Ni kupiga msasa hadi utoke, au fundi autoe kwa asidi oksaliki akiwa na glavu, kisha kupaka upya. Na msumari wenye kutu utoke, uwekwe skrubu ya shaba au isiyoshika kutu.

Matone ya asali yanayotoka kwenye vifundo vya paini ni utomvu wa mti unaoyeyuka kwa joto la dirishani au la jiko. Yakwangue yakiwa magumu, futa kwa spiriti, ziba kifundo kwa shelaki kabla ya vanishi. Kama kabati lenyewe limepakwa shelaki, kwangua tu, spiriti usiitumie.

Vanishi mpya imeharibika

Imegeuka nyeupe kama maziwa mara baada ya kupakwa: ni laka iliyopigwa siku yenye unyevu. Tina inavyoruka inaupoza uso wa mbao, na unyevu wa hewa unagandia humo. Subiri siku kavu, puliza tina kidogo juu yake, itafunguka na kuwa angavu tena. Haijakauka wiki nzima na inashika alama ya kidole: ilipakwa kwenye baridi. Vanishi nyingi hazitaki joto chini ya nyuzi 10, na usiku wa Juni na Julai hapa Mbeya tunashuka chini ya hapo, Njombe na Makete zaidi. Paka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mikono miembamba, na ulaze kazi ndani. Mimi kazi zangu za vanishi nazipenda Septemba na Oktoba: hewa kavu, joto limerudi. Adui wa miezi hiyo ni vumbi, kwa hiyo nyunyiza maji sakafuni kwanza na funga mlango wa upande wa upepo.

Inabanduka vipande vipande baada ya mwaka: chini yake palikuwa na mafuta, nta au vanishi ya zamani inayong'aa ambayo haikupigwa msasa. Haina njia ya mkato, kwangua yote.

Unga chini ya kabati

Zoa, kisha uangalie huo unga kwenye kiganja, karibu na dirisha. Ukiwa laini kama poda ya mtoto, na mbao ina vitundu vya milimita moja au mbili, ni bungua, wadudu wanaopenda weupe wa nje wa mbao ngumu kama mninga. Ukiwa punje punje ngumu kama mbegu za mchicha, ni mchwa wa mbao kavu, wanaoishi ndani ya mbao bila kugusa ardhi. Ukikuta njia za udongo zinapanda ukutani au mguuni mwa kabati, ni mchwa wa ardhini, na kabati lako ni kituo tu. Makao yao yako chini ya nyumba. Kuvunja njia hizo hakutoshi, watazijenga kabla ya Jumapili. Fundi wa dawa za wadudu aushughulikie udongo na msingi.

Vitundu vyenyewe havithibitishi kwamba mdudu yupo. Huenda aliondoka miaka mingi iliyopita. Tundu la zamani lina kingo nyeusi zilizojaa vumbi, jipya ni jeupe kama mbao iliyokatwa jana. Futa kila kitu, tandika karatasi nyeusi chini, rudi baada ya wiki mbili. Karatasi ikibaki safi, ziba vitundu kwa nta na uendelee na maisha.

Ikiwa na unga, toa ubao ulioliwa uuchome nje, na ubao mzima uliobaki upakwe dawa ya boraksi kabla ya vanishi. Dawa hiyo haipenyi vanishi, lazima mbao iwe uchi. Mafuta ya taa hayafiki walipo wadudu na yanaacha kabati likisubiri cheche. Oili chafu ya gari inayopakwa nguzo za uzio isiingie kabisa kwenye kabati la vyombo wala la nguo, ina sumu zinazohamia kwenye mikono na chakula. Vivyo hivyo ile mbao ya kijani iliyopigwa dawa kwa ajili ya paa, usikubali fundi akuwekee rafu ya kuwekea unga wa chakula kwa vipande vilivyobaki.

MDF iliyovimba chini ya sinki

Haitibiki. Chembe zikishavimba hazirudi, hata ukikausha mwezi mzima. Rekebisha bomba linalovuja, kata sehemu iliyoharibika, weka ubao wa paini uliokauka au plaiwudi ya kustahimili maji, na kingo zote mpya uzipake vanishi au gundi ya kuzuia maji siku hiyo hiyo.

Kwa mwaka mzima

Kila wiki, kitambaa kikavu cha kufuta vumbi. Kila mwezi, jikoni, vile vitambaa vitatu. Mwanzoni mwa Novemba, kabla mvua hazijashika, rudia jaribio la tone la maji kwenye kingo za chini na uzibe palipokauka. Mwezi Agosti kaza skrubu za bawaba, kwa sababu mbao imesinyaa na kuziachia. Mara moja au mbili kwa mwaka nta ya nyuki inatosha kwa kabati lenye vanishi nzima: paka kidogo sana kwa kitambaa, acha dakika kumi, sugua mpaka kiganja kisinate.

Na vitambaa ulivyopakia vanishi ya mafuta usivikunje ukavitupa kwenye kona ya karakana. Mafuta yake yanapokauka hutoa joto, na yakirundikana yanaweza kuwaka yenyewe usiku. Vitandaze nje kwenye waya, kimoja kimoja, mpaka viwe vikavu kama makuti.